Mukau wa Baba

Baba yangu hakuvaa saa. Alikuwa nayo moja ya kupewa, akaitia ndani ya mkebe wa majani chai pamoja na kitambulisho chake, na humo ilikaa miaka. Saa zake zilikuwa juu. Nyumbani kwetu ni upande wa ndani kutoka Kambu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ukiiacha barabara kuu, na ndege za kutoka Nairobi kwenda Mombasa zinapita juu ya boma letu. Nilipokuwa mdogo zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na wakati wake. Ya kwanza ikipita, Baba alifungua zizi. Ya pili ikipita, mbuzi walitakiwa wawe wamefika kisimani. Ya alasiri ilikuwa ya Mama. Ikipita kabla hajainjika chungu cha isyo, mahindi na maharagwe ya jioni, Baba alikohoa mara moja, na Mama alijua ameambiwa kitu.

Hakuwahi kupanda ndege wala hakutamani. "Mtu anaenda wapi na haraka hivyo?" aliuliza. Lakini aliziamini kuliko alivyomwamini yule wa redio anayetabiri mvua, na hapo sikumlaumu.

Kitu kingine alichokiamini kilikuwa mukau wake. Kwa msomaji asiyetujua sisi watu wa Ukambani, mukau ni mti wa nchi kavu. Mbao zake zina wekundu kidogo, mchwa hawazitaki, na kitanda chake utakirithi na kukirithisha. Shida ni mbegu. Kokwa lake ni gumu, ukilifukia tu litakaa humo mpaka usahau. Mbuzi ndiye fundi. Anakula tunda, anatema kokwa zizini, kwato zinalikanyaga, samadi inalilainisha, na siku moja unaona mche umesimama katikati ya mavi. Baba alihama kutoka upande wa Mutomo akiwa kijana, akavusha mbuzi wa baba yake mto Athi wakati wa kiangazi, na katika zizi lake la kwanza hapa kwetu mche ukaota. Alihamisha zizi akauacha mche. Wazee wa rika lake wote wangefanya hivyo.

Kutoka kwa mikau mingine alipata mlango wa nyumba, kitanda, na meza ambayo sisi watoto tuliandikia kazi za shule. Ule wa zizini alisema ni wa sanduku lake la kuzikiwa. Alisema hivyo waziwazi, hata mbele ya wageni, jinsi mtu anavyosema hili shamba ni la mtama. Kila Krismasi baada ya kutoka kanisani alikwenda akaupiga kwa kiganja, akaangalia juu, akakisia mbao. "Tangu nioe nalala juu ya mukau," alisema. "Sitaenda kulalia miti ya watu."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kike, nikapewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mwaitu, yaani mama. Ni jambo la kawaida kwetu. Lakini mzee akikuita mama maisha yako yote, unajikuta umejibebesha kazi ya kumlinda hata pale usipoweza.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani bila kazi. Nikauza maembe kwa abiria wa mabasi pale Kambu, nikikimbizana na madirisha pamoja na wasichana niliowazidi miaka kumi. Ndipo mradi wa hewa ukaja. Jina lake rasmi lilikuwa refu, lakini sisi tuliuita wa hewa, kwa sababu ndicho tulichoambiwa tunauza. Nilipata kazi ya kupima miti. Kazi yenyewe ni rahisi: unazungusha tepu kwenye shina, usawa wa kifua, unaandika unene, unapiga picha, unapigilia kibati chenye nambari, unapaka mstari mwekundu ili mwakani upime palepale.

Nilieleza habari hizo katika mabaraza mengi hata nikaziamini. Kampuni za ndege za ng'ambo zimeahidi kupunguza moshi unaoharibu majira, nilisema, lakini haziwezi kupunguza safari, maana watu wanazidi kusafiri. Kwa hiyo zinalipia miti isimame mahali pengine, inywe ule moshi. Mahali pengine ndipo hapa kwetu. Miti mikubwa iliyokuwa inangojea msumeno ndiyo waliyoitaka zaidi.

Baba alisimama katika baraza la kwanza kabisa, kofia mkononi. "Kwa hivyo ndege ikiongezeka, sisi tunakaa bila kukata?"

"Ndiyo, mzee," afisa wa mradi alisema.

"Na zikiongezeka tena?"

"Tunapanda ingine."

"Na mvua ikikataa?"

Afisa alicheka, akasema hilo ni swali zuri sana, akamwita anayefuata.

Mkataba haukuwa wa mtu mmoja. Waliingia kwa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kinachochimba matuta shambani kwa huyu leo na kwa yule kesho. Mwethya wetu ulipewa tangi kubwa la maji kwa shule ya msingi na bomba la kulijaza. Na kwa kuwa mliingia pamoja, mmoja akikata mti wenye nambari, wote mnatoka na bomba linafungwa. Hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa fomu, pamoja na neno la miaka thelathini. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kazi ya kuwasomea wazee kwa Kikamba ilikuwa yangu.

Nilimsomea Baba ukurasa wa kwanza akiwa ameketi kwenye kigogo chake, chini ya mukau wenyewe. Kisha nikafunua, nikageuza karatasi mbili kwa pamoja, nikamwonyesha mahali pa kidole gumba. Alikuwa amebaki yeye tu. Ofisi ilitaka orodha kamili ili inithibitishe kazini, na mimi sikutaka kurudi kwenye madirisha ya mabasi. Sitajipamba hapa. Nilijiambia kwamba siku ikifika nitaomba ruhusa, kwamba mti mmoja hauwezi kumkosesha usingizi mzungu aliye mbinguni kwenye ndege. "Ukiuhitaji tutaongea nao," nilimwambia. Akabonyeza kidole. Nilipozungusha tepu kwenye shina alitania, "Unanipimia suti, Mwaitu?"

Mwaka uliofuata ofisi ilitupeleka semina Mombasa. Kutoka Kambu, basi la asubuhi linakufikisha Mombasa ukiwa na nafasi ya kula chakula cha mchana. Lakini tiketi zilinunuliwa Nairobi kwa pamoja, kwa hiyo nilipanda basi la kwenda kinyume, nikapita Salama, nikalala Nairobi kwa binamu yangu, ili asubuhi nipande ndege inipitishe juu ya nyumba yetu. Nilipomweleza Baba mpango huo nilidhani atacheka. Aliuliza, "Ni ile ya zizi ama ile ya kisima?"

"Ya zizi."

"Basi nitakuona."

Nilikaa dirishani. Niliiona barabara kuu, niliona reli, kisha udongo mwekundu na vichaka vya kijivu vilivyofanana mpaka basi. Nilitafuta paa letu. Nilitafuta mti. Sikuona chochote changu, lakini nilipunga mkono kwenye kioo, na mwanamume wa kiti cha pili akanitazama kisha akarudi kwa simu yake. Mama alinieleza baadaye kwamba Baba alisimama chini ya mukau, akaona hapo majani yanamziba, akatoka juani, akavua kofia, akapunga mpaka sauti ikaisha.

"Uliniona?" aliniuliza niliporudi.

"Nilikuona."

Alifurahi hata akaniongezea chai mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote.

Pale hotelini mama mmoja aliyeongoza kikao alitutangazia kwamba moshi wa safari yetu wote ulikuwa tayari umemezwa na miti ya Makueni. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Mmoja wa hiyo miti nilikuwa naijua nambari yake.

Baada ya hapo sijui nielezeeje, maana mambo yalikuja polepole. Ndege ziliongezeka. Zilipita mapema, zilipita zikifuatana, zilipita mchana wakati ambao zamani palikuwa kimya. Siku moja Baba alifungua zizi kukiwa bado giza, mbuzi wakasimama mlangoni wakimshangaa, mpaka Mama akaenda akamrudisha ndani kwa upole. Akaomba ile saa ya mkebe. Ilikuwa imekufa zamani. Aliishika mkononi akaigeuza, akairudisha mwenyewe, na tangu siku hiyo Mama ndiye aliyemwambia wakati.

Mvua nayo ikakosa. Kwetu kiangazi si kitu kipya, watu wa Kitui na Makueni tumezaliwa nacho, lakini hiki kilikuwa na ukaidi. Kisima kilishuka. Mbuzi walikonda, tukauza, waliobaki wakafa wakiwa wamesimama karibu na maji ya mwisho. Jioni moja redio ilisema uwanja wa ndege utapanuliwa ili wasafiri wengi zaidi waje. Habari iliyofuata ilisema nchi imejitolea kupunguza moshi. Msomaji hakupumua katikati. Baba alicheka kile kicheko chake cha puani, na nilikasirika, si kwake, nilikasirika mpaka nikaizima redio.

Ugonjwa wake ulianzia tumboni. Aliomba apelekwe Mutomo, hospitali ya misheni, kwa sababu ni upande wa kwao. Walimtunza vizuri na walituambia ukweli bila kuzunguka: mpelekeni nyumbani, mkae naye. Tulimrudisha. Siku ya tatu aliniita kitandani, kile kitanda cha mukau, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mtu anayepanga kazi.

"Mwite fundi wa pawa so aje na msumeno wake. Mbao zinataka kukauka kivulini kama miezi miwili. Zikikatwa mbichi zitapinda, nami sitaki kupinda."

Nilikwenda ofisini kesho yake. Afisa alikuwa mgeni, kijana mpole, na alinivutia kiti.

"Madam, hiyo mti iko kwa sistim," alisema. "Nikiitoa, kikundi yote inatoka."

"Tupande kumi badala yake."

"Hata mia. Hewa yake ya hii miaka yote ilishauzwa. Kuna mtu alishapanda ndege nayo, akaenda, akarudi. Sasa tutamwambia nini?"

Nilimwambia ni baba yangu. Alisema pole, na nilijua anasema kweli, na haikunisaidia.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mwethya, mama mzee aliyechimba matuta na Mama tangu hatujazaliwa. Nilimkuta shuleni akichota maji kwenye lile tangi. Katika kiangazi kile yalikuwa ndiyo maji pekee ya karibu, na foleni ya mitungi ilifika hadi ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee akate," alisema. "Hakuna mtu wetu atasema. Wakija kupima, tutasema ni upepo."

"Na wakijua?"

Aliangalia ile foleni. "Wakijua, wamejua. Yeye alitubebea mawe ya hapa chini ya tangi. Mwambie akate."

Nilirudi nikiwa na ruhusa ambayo ilikuwa nzito kuliko katazo. Ilibidi nimweleze Baba yote ili aamue, na kueleza yote ni kueleza ukurasa wa pili. Nilikaa kwenye kona ya kitanda, Mama akiwa mlangoni, nikasema polepole, kwa Kikamba, maneno niliyopaswa kuyasema miaka ile chini ya mti. Kwamba hairuhusiwi kukata kwa miaka thelathini. Kwamba mmoja akikata, bomba la wote linafungwa. Kwamba nilijua.

Hakugeuka. Alisema, "Nilijua kuna karatasi mbili. Nilihesabu ukifunua."

"Mbona hukuuliza?"

"Nilifikiri hiyo ingine ni ya serikali. Na wewe ndiye ulikuwa unasoma."

Sijawahi kuona aibu kama hiyo na sitarajii kuiona tena. Nililia, naye akaniacha nilie, hakuninyamazisha kama ambavyo angefanya zamani. Nilipomaliza aliomba chai. Alikunywa nusu. Kisha akasema watoto wa watu wanywe maji, mti ukae, na kwamba fundi asiitwe. Hakuutaja tena mukau. Alimwomba Mama amgeuzie mto upande wa ukuta, akalala akitazama huko, na siku zilizobaki ndivyo alivyolala.

Alikufa asubuhi, kabla ya kuamka kwa watoto wa kaka yangu. Fundi wa masanduku pale Kambu aliniuliza kwa simu mzee ni urefu gani. Nyumbani hapakuwa na kipimo isipokuwa tepu yangu ya kazi. Upande mmoja una alama za unene wa miti, upande wa pili ni urefu wa kawaida. Nilimpima Baba kwa upande wa pili, kutoka utosini hadi kisigino, nikaandika kwenye daftari lile lile, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Sanduku lilikuja likiwa linang'aa. Lilikuwa la saiprasi ya kutoka milimani, lina vishikio vya rangi ya dhahabu na kidirisha cha kioo. Watu walilisifu. Pasta alisema sanduku ni sanduku, roho haibebwi na mbao, na mkutano ukasema amina. Mimi pia nilisema amina, ingawa nilimchukia kwa muda wa wimbo mmoja. Katikati ya maombi ndege ilipita chini chini, pasta akanyamaza kuisubiri, kisha akaanza tena, ikapita nyingine. Kaburi liko hatua chache kutoka kwa mti. Jioni kivuli chake kinalifikia.

Niliendelea na kazi. Watu wameniuliza kwa nini, na jibu ni kwamba nina watoto. Mwaka ulipoisha nilizungusha tepu kwenye mukau wa Baba, juu ya mstari mwekundu, nikakuta haujaongezeka hata kidogo. Niliandika hivyo.

Mukau una tabia moja inayowapa watu moyo. Unaangusha majani kiangazi, halafu unachipua kabla mvua haijaonekana, na wazee wakiuona wanatayarisha majembe. Mwaka huo haukuchipua. Mvua za vuli zilikosa, za masika zikaja siku mbili zikaondoka, na ganda likaanza kupasuka na kutoa utomvu mweusi. Yule afisa mpole alikuja, akakwangua shina kwa kisu, akakuta pakavu. Aliandika kwenye simu yake, akang'oa kibati kwa koleo, akanipa.

"Hii si makosa yenu," alisema. "Imejifia. Sasa mnaweza kukata, hakuna shida."

"Na ile hewa yake?"

"Hiyo ilishaenda, madam." Alisema taratibu, akatazama kaburi, akaomba radhi, akapanda pikipiki yake.

Fundi wa pawa so alimaliza kwa asubuhi moja. Mbao zilitoka nzuri, kumi na moja, zenye ule wekundu, na chache tu zilikuwa zimeingiwa na wadudu. Mama alisimamia mwenyewe. Alizipanga katika chumba alichokuwa analala Baba, akaweka vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake ili hewa ipite, akafunika kwa gunia. Nilimwambia kaka yangu anaweza kupeleka Kambu zikatengenezwa meza, au milango ya nyumba yake. Mama alisema hapana, bila kueleza.

Miezi miwili ikapita. Nilikuja Jumapili baada ya kanisa nikamkuta amesimama mlangoni, kwenye mwimo wa ule mlango wa mukau, mgongo umenyooka. Alikuwa amevua viatu na kitambaa cha kichwa. Sikujua nywele zake zimekuwa nyeupe zote.

"Zimekauka," alisema. "Leta hiyo tepu yako."

Nilisema Mama, bado, una nguvu, tuzungumze kitu kingine. Alijisogeza nyuma mpaka visigino vikagusa mti, akainua kidevu, akangoja, na mimi nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikaitoa tepu. Nilipoinama kuanzia miguuni niliisikia sauti yake juu yangu, bila hasira.

"Soma yote," alisema. "Usiruke."